Leo Varadkar: udiwani ulimpa nini?

Wanaobeza safari ya Leo Varadkar, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Ireland, hupenda kuianzia mwaka 2003, alipoingia Halmashauri ya Kaunti ya Fingal, karibu na Dublin, bila kupigiwa kura, kujaza kiti cha Sheila Terry. Kisheria hapakuwa na hila. Diwani wa Ireland akiondoka hapaitishwi uchaguzi mdogo; halmashauri humteua mrithi, kwa kawaida wa chama kilekile. Ila ni kweli, aliyeteuliwa huenda kwenye uchaguzi akiwa tayari ana cheo.

Lakini mwaka 2004 alipata kura 4,894 za chaguo la kwanza, nyingi kuliko mgombea udiwani yeyote nchini. Mwaka 1999 alikuwa ameambulia 380! Uzito wa 4,894 unaonekana ukiijua hesabu yao. Mpiga kura huwapanga wagombea 1, 2, 3 na kuendelea. Kura halali hugawanywa kwa idadi ya viti ikiongezwa kimoja, kisha hujumlishwa kura moja: katika eneo lenye viti vinne na kura 10,000, aliyefikisha 2,001 amepita. Zinazozidi huhamia kwa chaguo linalofuata, na hapo chama kisichogawanya mitaa vizuri kati ya wagombea wake huona kura zikimwendea mpinzani. Asiyekubalika kwa wafuasi wa vyama vingine hukwama katikati ya hesabu. Ufundi huo hupatikana kwa kubisha hodi nyumba kwa nyumba, na ndio uleule wa ubunge, alioupata katika jimbo la Dublin West mwaka 2007.

Wakosoaji wana hoja moja nzito: halmashauri haziendeshi polisi wala hospitali, na shughuli za kila siku ziko kwa mtendaji mkuu wa kuajiriwa. Kupitisha bajeti ya kaunti hakumwandai mtu kwa Wizara ya Afya, aliyokabidhiwa 2014.

Hata hivyo, tazama uchaguzi wa kiongozi wa Fine Gael, chama chake, mwaka 2017. Wanachama wa kawaida walimpa mpinzani wake, Simon Coveney, asilimia 65 ya kura zao. Kundi la wabunge, lenye asilimia 65 ya uzito wote, ndilo lililoamua: 51 kwa 22, Varadkar akawa Waziri Mkuu. Madiwani walikuwa na asilimia 10 tu, lakini nao waliwaacha wanachama wao wakamchagua Varadkar, 123 kwa 100. Naamini walimpima kwa kipimo cha kazi yao: nani atawavutia kura mtaani. Mwaka 2019 viti vya udiwani vya Fine Gael vilipanda kutoka 235 hadi 255. Mwaka uliofuata, chini ya kiongozi huyohuyo, wabunge wake walishuka kutoka 50 hadi 35.