Hita ya maji ya mtumba nunua tu, ila ethi na valvu usifanyie ubahili

Watu wa pwani wakisikia Tabora wanawaza jua na vumbi tu, hawajalala huku mwezi wa sita na wa saba. Mji uko juu, mita kama 1,200 toka usawa wa bahari, kiangazi anga halina hata wingu, usiku joto lote linapaa zake, alfajiri ukifungua bomba la simtanki maji yanatoka utadhani yametolewa kwenye friji. Sasa mpe hayo maji bibi mzee mwenye miguu inayouma au mzazi aliyetoka hospitali juzi. Ndo maana hita za maji zimekuwa zinaulizwa sana, na kwakuwa mpya bei imesimama, wengi wanakimbilia za mtumba, zile zinazotolewa kwenye gesti na nyumba zinazokarabatiwa, zinapakiwa lori toka Dar zinakuja kupangwa pembeni ya mafriji.

Mi nasema wazi kabisa, nunua ya mtumba. Hita yenyewe sio kitu cha ajabu, ni tangi, sponji ya kutunza joto, elementi (kile chuma kinachochemsha maji), themostati (inayozima umeme maji yakishapata moto) na bati la nje, basi. Kinachonikera, na nakiona karibu kila mtaa kuanzia Cheyo mpaka Ipuli, ni mtu akishaokoa hela kwenye kununua anataka aokoe na kwenye kufunga, anamwita fundi wa bei chee, anaruka ethi (ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini), anaruka valvu ya usalama, alafu anaingiza watoto wake bafuni humo.

Tuanze na kununua. Swali la kwanza sio imetumika miaka mingapi, swali ni ilikuwa inapitisha maji gani. Dar nyumba na gesti kibao zinatumia kisima cha maji ya chumvi, na chumvi inalitafuna tangi kwa ndani huku nje bati linang'aa. Sisi huku tangu maji ya Ziwa Victoria yafike tuna maji laini, kwahiyo hita iliyoishi hapa hapa au Mwanza mi naiamini kuliko iliyoshuka toka pwani hata kama ya pwani inaonekana mpya zaidi. Ndani ya matangi mengi ya chuma kuna fimbo ya magnesiamu, imewekwa makusudi iliwe yenyewe badala ya tangi, ikiisha basi kutu inahamia kwenye chuma. Kuna moja niliomba ifunguliwe pale pale kwa muuzaji, zile bolti za chini, tukakuta fimbo imebaki kiwaya chembamba tu, elementi imevaa ukoko mweupe mnene, ukiugonga na bisibisi unadondoka vipande, na chini ya tangi kuna tope la kahawia linalotoka na vigamba vya kutu. Nje imepigwa rangi nyeupe safiii. Muuzaji ananiambia hiyo kaka ni ya kusafisha tu. Niliiacha. Fimbo inabadilishwa, elementi inabadilishwa, raba inabadilishwa, ila tangi likishaanza kuvuja achana nalo, na usikubali uambiwe litachomelewa, mengi yana kioo chembamba ndani na moto wa kuchomelea unakiharibu, litavuja tena pembeni ya pale pale.

Nenda na fundi mwenye mita ya kupimia umeme. Elementi ya wati 1,500 inatakiwa isome omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kama 35, ya wati 2,000 isome kama 26. Alafu apime kati ya elementi na bodi ya tangi, hapo mita isisome chochote, ikisoma maana yake umeme unapita kwenda kwenye bodi na kwenye maji, hiyo elementi ni ya kutupa. Muuzaji akikataa isipimwe, ondoka.

Haya, kufunga. Tangi la lita 80 likijaa maji ni kilo 80 za maji bado chuma chenyewe, kwahiyo ni zaidi ya kilo mia zinaning'inia juu ya kichwa cha mtu anayeoga. Nyumba zetu nyingi ni tofali za kuchoma, ukitoboa na drili unaona unga mwekundu unamwagika tu, hapo bolti ya kawaida ya ukutani haishiki, itakaa wiki mbili tatu alafu siku moja inachomoka na kipande cha tofali. Toboa ukuta mpaka upande wa pili, pitisha bolti ndefu, weka bamba la chuma kule nyuma, kaza nati. Mume wa dada yangu alibishana na fundi nusu saa kwenye hili na alikuwa sahihi.

Valvu ya usalama, ile ndogo inayokaa kwenye bomba la maji baridi, hapa ndipo nashindwa kabisa kuelewa mafundi wetu. Maji yakipata moto yanatanuka, lazima yapate pa kwenda, ndo maana ile valvu inadondosha matone hita ikiwa inachemsha. Yani ile ni kazi yake! Sasa mwenye nyumba anaona matone anamwita fundi, fundi anaziba na plagi, tatizo limeisha. Halijaisha. Siku themostati ikiganda, na za mtumba zinaganda kweli, elementi haizimi, maji yanapita nyuzi 100 yakiwa yamefungiwa, na maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi mara 1,600 na zaidi. Hilo tangi linapasua ukuta. Nunua valvu mpya, sio iliyokuja na hita, na vuta mpira mdogo upeleke matone kwenye mtaro. Faida nyingine, inazuia maji yasirudi nyuma, kwahiyo simtanki ikikauka hita inabaki na maji yake na elementi haiungui.

Ethi sasa. Hita tunaitaka kiangazi, na kiangazi ndo ardhi ya Tabora imekauka, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, kwahiyo ile fimbo ya ethi iliyopigwa nje masika ikapimwa ikaonekana fiti, mwezi wa saba inaweza kuwa haikulindi inavyotakiwa. Mpimishe fundi umeme mwenye leseni wakati wa ukavu, ikibidi aongeze fimbo ya pili au aizamishe zaidi. Na weka breka inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampia 30, inazima haraka sana kabla moyo haujaathirika. Bei yake wengi wanaiona kubwa, mi naona ndo hela ya maana kuliko zote kwenye kazi nzima. Hita iwe na waya wake wa milimita 2.5 toka kwenye breka, usiunge kwenye soketi ya jikoni. Wenye shawa za umeme za kuchemsha papo hapo wasijione wamepona, zile zinavuta kilowati 5 hivi na nimeziona zimefungwa na waya wa taa.

La mwisho LUKU. Kuchemsha lita 50 toka nyuzi 22 mpaka 60 ni yuniti mbili na kidogo, ukifanya kila siku ni yuniti zaidi ya 60 kwa mwezi. Kama uko kwenye tarifu ndogo ile ya mwisho yuniti 75 kwa mwezi, kila yuniti shilingi 100 kabla ya makato, ukiongeza na taa, tivii na friji unapita, zinazozidi zinahesabiwa kwa shilingi 350 kila moja, na ukizidi mara kwa mara unahamishwa kwenye ile ya 292 kwa yuniti zote. Kwahiyo kwa familia ndogo chukua lita 30, washa dakika 40 mpaka 55 hivi kabla ya kuoga, zima. Mwezi wa tisa joto likirudi mi nashusha breka, namwaga maji yote kwenye tangi, nafungua kule chini kuangalia fimbo imeliwa kiasi gani, naiacha hivyo mpaka mwezi wa tano.