Upepo wa Mjomba

Mjomba wangu ana imani moja kuhusu tairi: gari kubwa, upepo mwingi. Kibandiko cha mlangoni mwa Land Cruiser yake kinasema paundi 35. Yeye husema Wajapani walioandika hayo hawajawahi kubeba pilau. Basi siku ya arusi, pale tulipotia mafuta Malindi, akamwambia kijana ajaze 60 tairi zote. Kijana akauliza tena, labda hakusikia vizuri.

"Tia, mwanangu! Nyuma kuna sufuria mbili na mke wangu."

Mkaza mjomba akanyamaza. Wanaomjua wanauogopa ule unyamavu.

Lami ilituchukua hadi ng'ambo ya daraja la Sabaki, gari likidunda kila shimo na vifuniko vya sufuria vikipiga makofi. Mambrui, Mjomba akakata kuelekea ufuoni. Maji yamekupwa, akasema, tuingie arusini kwa pwani, watu watuone.

Walituona. Tairi zilivyokuwa ngumu ziliukata mchanga kama kisu, na kila alipokanyaga mafuta zikazidi kujichimbia, hadi gari likakalia tumbo. Na hayo yalikuwa maji ya bamvua, yameshaanza kurudi.

Wavuvi wakaja mbio. Mzee mmoja wa kikoi hakusukuma. Aliifinya tairi kwa dole gumba, akaguna, akaokota kijiti akakidunga kwenye valvu. Fyuuu!

"Wee mzee! Wanimwagia upepo wangu! Nimemnunulia yule kijana chai!"

"Kusi yavuma bure hapa, bwana," akajibu, akahamia tairi ya pili.

Kumbe aliwahi kuendesha watalii. Tairi ikilegea, akasema, hulala, ikakanyaga mahali pakubwa zaidi. Uzito hutawanyika, gari likapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Geji ya Mjomba ilipowekwa ilisoma 18. "Sasa enda taratibu, wala usikate kona ghafla, tairi itachomoka kwenye ringi. Lakini kwanza punguzeni mzigo."

Macho yote yakaenda kwenye sufuria.

"Shusheni moja," akasema mkaza mjomba, neno lake la kwanza tangu Malindi. "Sahani zi chini ya kiti."

Wavuvi walisukuma wakiwa wameshiba, na gari likatoka kama halikuwahi kukwama, wimbi likilamba tairi za nyuma.

Kurudi lamini na 18 hakufai, tairi hupata moto zikaharibika. Tukaazima pampu ya mguu kwa kijana wa bodaboda, tukapokezana na kanzu zetu. Zamu ya Mjomba iliishia 28. Hapo akagundua kwamba tairi za Kijapani, kwa kweli, hazipendi upepo mwingi.

Arusini mama wa bwana arusi akafunua sufuria ya kwanza, akatabasamu. Akafunua ya pili.

"Mbona hii haina kitu?"

"Imo," akasema mkaza mjomba, akimwangalia mumewe. "Upepo, paundi 60."