Huku Marekani nalipa nifanywe jasusi, Mombasa nafanywa bure

Nimetoa pesa, tena si kidogo, ili nipewe jina la uongo. Mimi na mke wangu na watoto na mamangu aliyekuja kututembelea kutoka Kibokoni, Mombasa, sote tumeingia yale makumbusho ya majasusi pale L'Enfant Plaza, Washington, na ukiingia tu kila mtu apewa kadi ya kuvaa shingoni, waigusisha kwenye skrini yakwambia kuanzia sasa wewe si wewe, jina lako hili, watoka nchi hii, kazi yako hii. Halafu waachiliwa uzunguke. Huku ufumbue maandishi ya siri, kule utazame watu kwenye skrini useme nani ana jambo lake, na ile kadi inakuwekea hesabu mpaka mwisho uambiwe wewe ni jasusi wa namna gani. Watoto wamefurahi mpaka wamesahau njaa. Mimi nikawa nacheka peke yangu, mke wangu akaniuliza una nini, nikamwambia Mombasa mimi nafanywa jasusi bure, na hata kadi sipewi.

Mnajua ninachosema. Toa simu pale feri uone. Simama mbele ya jengo lolote lenye bendera uangalie juu tu, wala hujapiga picha, askari yuwaja taratibu na rungu kwapani, we wafanya nini hapa, umetumwa na nani. Tulipokuja likizo na watoto, pahali fulani hapo kisiwani, sipataji, binti yangu alikuwa amekaa kwenye jiwe anachora mbuyu. Mbuyu jamani. Hana kamera, ana penseli na daftari. Askari akaja akalichukua lile daftari akaanza kulifungua ukurasa mmoja mmoja kama mtu anayesoma hati ya kesi, akafika kwenye picha ya paka, akaitazama weee, akaniuliza huyu ni nini. Nikamwambia paka. Paka wa wapi? Wa hapa hapa, si wamejaa mjini. Akaniuliza kwa nini amechorwa. Tukaachiliwa baada ya soda, na soda gani mwaijua wenyewe.

Sasa nawasikia tayari. "Huyu kaenda Marekani juzi ashaanza kutudharau, mwacha mila mtumwa." Hebu ngojeni kwanza. Kwanza sikuja juzi. Pili mimi si mtu wa kusifu kila kitu cha huku, ile tiketi iliniuma, maana makumbusho ya Smithsonian yako hapo hapo kwa miguu na kuingia ni bure, unaona ndege na mifupa ya dinosari na huulizwi senti, na haya ya majasusi mpaka mtoto analipiwa. Na mamangu ndiye aliyesema kweli kabla yangu: "Yaani mtu alipa ili afundishwe kudanganya?"

Jina la uongo alilikataa kabisa. Mhudumu, kijana mmoja mpole sana, anamweleza kuwa ni mchezo tu, mimi natafsiri, mamangu akasema hili jina nilipewa na marehemu babangu, sikulibadilisha nilipoolewa nije nilibadilishe leo kwa mashine. Tukazunguka naye hivyo hivyo bila kadi. Lakini tulipofika pale pa kutambua mtu mwenye jambo lake, watoto wanabishana huyu, hapana yule, yeye akanyosha kidole mara moja, "huyo wa nyuma, mtazameni viatu." Na akawa ndiye. Mtu aliyekaa dirishani Kibokoni umri wake wote, anayejua nani kaingia kwa nani na katoka na sahani gani, mtamfundisha nini nyinyi?

Vitu vyenyewe ni vya ajabu, hilo siwanyimi. Kuna bastola ya KGB, majasusi wa Urusi ya Kisovieti, ya miaka ya 1960 iliyojificha ndani ya lipstiki, ina risasi moja tu. Kuna kamera ya kufungwa njiwa kifuani, aliyebuni alikuwa Mjerumani mwenye duka la dawa, hata vita vya kwanza vilikuwa havijaanza. Kisha kuna Enigma, ile mashine ya Wajerumani ya kuandikia siri, na hapo ndipo mwanangu wa kiume alipouliza, baba, na kwetu je, kulikuwa na mambo haya?

Hapo nikapata mdomo. Nikamwambia wewe, mwaka 1942 Wajapani walipoishambulia Colombo, kule Sri Lanka, mwezi wa Aprili, manowari za Kiingereza zilikimbilia wapi? Zilikuja bandarini Kilindini kwetu. Na waliokuwa wakifumbua siri za Wajapani nao wakaletwa, wakafungua ofisi yao shule ya Allidina Visram. Ndio, Allidina hiyo hiyo mnayoijua, inayotazama bahari. Mule madarasani walikaa watu na makaratasi na penseli, wanasikiliza redio usiku na mchana, na wenyewe walilalamika kuwa kutoka Mombasa mawimbi ya Wajapani yashikika vibaya, na bado wakaivunja JN-40, ile lugha ya siri ya meli za mizigo za Kijapani. Yaani meli ya Mjapani ikisema naondoka bandari fulani na mzigo fulani, mtu aliye Mombasa anasoma. Mwaka 1943 wakafunga virago wakarudi Colombo.

Mtoto hakuamini. Nikampigia binamu yangu WhatsApp palepale, yeye yuwaendesha tuktuk, hupita Allidina kila siku ya Mungu. Akaniambia "wallahi wanidanganya." Akaniuliza mara mbili kama ni Allidina hii au kuna nyengine. Silaumu shule, shule ina silabasi yake na walimu wana watoto wa kupitisha mitihani, mimi nasema sisi sote. Huku siri zao wamezifanya biashara, sisi historia yetu tumeifanya siri, na siri yenyewe si yetu hata, ni ya Mwingereza, aliyeificha kashakufa.

"Pesa." Haya, nilijua mtasema pesa. Haya makumbusho hayakuanza kwenye jengo la vioo, yalifunguliwa 2002 kwenye majengo ya kale mtaa wa F, hapa yamehamia 2019. Majengo ya kale sisi tumekosa? Tuna Ngome, Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, imekuwa ngome, ikawa jela tangu 1895 mpaka 1958, UNESCO wameiandika urithi wa dunia 2011, na ukuta bado umesimama kuliko maghorofa ya jana. Na hadithi je? Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa Aprili 1498, Ngome yenyewe bado haijafikiriwa, alituma watu wake wawili waingie mjini watazame. Mfalme wetu akawapokea vizuri, akawapa wenyeji wa kuwatembeza, yaani wakaonyeshwa kile alichotaka waonyeshwe. Kisha usiku wapigambizi wa mji wakaogelea kimya wakaanza kukata amari, zile kamba za nanga, za vyombo vya Wareno ili visukumwe pwani. Niambieni huo si ujasusi, tena wa pande mbili, na bahari ndiyo ile ile tunayokula mihogo mbele yake. Mpe mtoto wa Mji wa Kale kadi ya karatasi ya manila, wewe ni mpigambizi, wewe ni Mreno uliyetumwa, wewe ni mwenyeji wa kuwapoteza, kisha umwachilie kwenye vichochoro. Hiyo yataka dola? Yataka mzee mmoja mwenye hadithi na mtu wa kumwambia askari akae.

Kuna mwengine ataniambia, ndugu yangu, ujasusi kwetu si mchezo wa watoto. Huyo namheshimu, huyo simbishii. Gari lisilo na namba likipunguza mwendo mbele ya baraza, sote twajua vijana hufanya nini. Tulipofika pale penye mambo ya mahojiano na mateso, mamangu alisimama kidogo akasema twendeni, akatangulia yeye, na mimi najua alikuwa akimfikiria mtoto wa jirani yake na yule mama anayeuliza mpaka leo. Kwa hivyo msinifanye mtu aliyesahau.

Lakini hapo hapo ndipo hasira inanipanda. Maana hawa wa huku si malaika, mwaka 1960 mkemia wa CIA, shirika lao la ujasusi, alibeba sumu mpaka Léopoldville, Kinshasa ya leo, ya kumuulia Lumumba, kiongozi wa Kongo, na mimi na wewe tumejuaje? Seneti yao wenyewe iliyatoa 1975, kwa maandishi, mtu yeyote asome. Mwaka huo huo wa 1975 sisi tulikuwa twamzika J.M. Kariuki, yule mbunge aliyeuawa. Haya, nendeni kamuulizeni mtu yeyote ofisini faili yake iko wapi, kisha mje mniambie mmeulizwa nini.

Wengine watasema rudi basi ufungue wewe hayo makumbusho, mdomo si kazi. Ni kweli, na mimi nina rehani ya nyumba na watoto wako shule, siwezi kujifanya. Lakini kutoa maoni kuhusu kwetu sikuombi ruhusa, mamangu yuko kule, makaburi ya wazee wangu yako kule, na nikitumiwa namba ya mchango wa harusi hakuna anayeniambia wewe nyamaza uko Marekani.

Binamu yangu ameanza kuwahadithia abiria wake. Kila mgeni akipanda tuktuk, wakipita Allidina, anapunguza mwendo na kuonyesha kidole. Ila sasa amejitilia chumvi zake, ati Wajapani wenyewe walikaa mule ndani wamefungwa minyororo. Nimemwambia asahihishe, hakukuwa na Mjapani hata mmoja, walikuwa Waingereza na makaratasi. Akaniambia abiria hawalipi kwa makaratasi.