Mwacheni shangazi asimamishe simu yake

Kwenye grupu letu la ukoo, shangazi yangu aliyeko Muheza alituma video ya harusi ya binti wa jirani. Bibi harusi anatoka ndani, somo wake kamshika mkono, kina mama wamejipanga mlangoni wanapiga vigelegele, na simu inamshuka taratibu kuanzia ushungi hadi vidole vya miguu vyenye hina. Video nzuri kabisa. Muda si mrefu mtoto wa baba mdogo, ambaye amesomea mambo ya picha, akajibu: "Shangazi, siku nyingine laza simu bwana, hizi video za kusimama zinakera." Shangazi akaandika, "Samahani baba, mimi sijui mambo hayo." Nilipofungua tena grupu, pale palipokuwa na video pamebaki maneno "Ujumbe huu umefutwa".

Nimekasirika, na bado nina hasira. Mtu mzima kaomba radhi kwa jambo ambalo hakukosea, kafuta kumbukumbu aliyokuwa ametuletea kwa mapenzi na kwa bando lake, eti kwa sababu kashika simu jinsi simu inavyoshikwa. Na yule kijana si peke yake. Wapo wengi wanaoamini kwamba video ya wima ni ushamba, kwamba kuna sheria, na kwamba wao ndio walinzi wa sheria hiyo.

Basi tuulizane sheria yenyewe ilitoka wapi. Ilitoka kwenye mkanda wa filamu. Miaka ya 1890 mwanzoni, kwenye maabara ya Thomas Edison kule Marekani, fundi wake William Dickson alichukua mkanda wa upana wa milimita 35, akautoboa matundu manne pembeni kwa kila picha, na picha ikatoka na upana wa nne kwa kimo cha tatu. Umbo hilo likashika. Televisheni ilipokuja ikalirithi. Halafu miaka ya 1950, televisheni ilipoanza kuwabakiza Wamarekani majumbani mwao, wenye sinema wakatanua pazia la kuonyeshea picha ili watu wapate sababu ya kulipa kiingilio; CinemaScope ya mwaka 1953 ni matunda ya hofu hiyo. Baadaye televisheni nayo ikatanuka ikafika upana wa 16 kwa kimo cha 9, ndiyo hiyo mnayoiona ukutani leo. Sioni popote katika historia hii ambapo binadamu walikaa wakakubaliana kwamba wima ni makosa. Naona mafundi na wafanyabiashara wakifuata vyombo vyao, na hilo si baya, lakini si maandiko matakatifu.

Tena hata ndani ya sinema yenyewe walikuwapo waliolalamika. Mwaka 1930 mwongozaji wa Kisovieti Sergei Eisenstein alikwenda Hollywood wakati wakubwa wa pale wakijadili kutanua pazia, akasimama mbele yao akatetea picha ya mraba, ili kilichosimama nacho kipate haki sawa na kilicholala. Hawakumsikiliza.

Na sisi huku tuliingia lini kwenye hiyo mila ya kulaza? Zanzibar walipata televisheni mwaka 1973, na ilikuwa ya rangi. Bara tulisubiri hadi 1994. Shangazi yangu alikuwa mama mwenye watoto siku alipoona televisheni ya nyumbani kwa mara ya kwanza, kwa jirani, amekaa mkekani na mtaa mzima. Kwa umri wake, televisheni ni mgeni. Simu ndiyo kioo cha kwanza kilicho chake mwenyewe, kinachokaa kwenye pochi yake, ambacho hamwombi mtu ruhusa ya kukifungua. Sasa mnamtaka akilaze ili kifanane na sanduku la sebuleni kwa watu?

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Mtu amesimama. Kitu ambacho tunakirekodi kuliko kingine chochote ni mtu, na mtu ana kimo kuliko upana. Ukilaza simu kumrekodi bibi harusi una njia mbili: umkate magoti, au urudi nyuma hadi awe mdogo kama kiberiti katikati ya ukuta na viti vya plastiki. Nendeni Kariakoo mkamwangalie dada anayeuza madera akiwa mubashara. Kasimamisha simu kwenye kistendi, kavaa dera lenyewe, anageuka, anainua pindo kuonyesha urefu, anavuta kitambaa karibu uone kama kinaonyesha ndani. Mteja wa Mwanza anaona shingo, mikono na mpaka dera linapogusa chini, kwa mara moja. Yule dada hakusoma popote, lakini anajua picha yake inataka nini, kwa sababu picha isipoonyesha urefu wa dera, mteja hatumi hela.

Ingieni Mji Mkongwe pale Unguja, kwenye kichochoro ambacho ukinyoosha mikono unakaribia kugusa kuta zote mbili. Laza simu: umerekodi kuta. Simamisha: unapata mlango wa nakshi wote, roshani juu yake, kipande cha mbingu, na mtoto anayekuja na baiskeli kutoka mbali. Ngoma ya mdundiko nayo, ukiwa mbele yake barabarani, inakujia kwa kina, watu nyuma ya watu nyuma ya watu, na wima unawachukua wote. Ongeeni na wanaotumia lugha ya alama jinsi wanavyopigiana simu za video: simu imeegemezwa kwenye kikombe, imesimama, na uso, kifua na mikono vyote vimo.

Na kama mnatafuta mila, hii hapa ya kwetu. Iangalieni sanamu ya ujamaa ya Wamakonde. Gogo moja la mpingo, limesimama, na ndani yake watu wamebebana kutoka chini hadi juu: wazee chini, wana mabegani mwao, mtoto huku, mwenye kibuyu kule, jicho lako linapanda nao. Mchongaji yule alijaza umbo jembamba refu kwa familia nzima na hakuna mtu aliyejibanza. Huo ni ufundi wa kupanga picha ya wima, uliofanywa na watu ambao hawakuwahi kuingia chuo cha filamu. Walimu wetu wa picha wangewapeleka wanafunzi Mwenge wakakae na wachongaji asubuhi moja, wangejifunza mengi kuliko kukaririshwa kwamba wima haufai.

Wanaosema macho yetu yamepangwa kwa upana wana ukweli wao, macho yako pembeni mwa pua wala si juu na chini. Lakini kurasa za vitabu, magazeti, daftari la shule na msahafu vimesimama, na tumevisoma miaka yote bila macho kulalamika.

Kuna jambo la mkono pia. Kulaza simu kunataka mikono miwili. Mama ana mtoto mgongoni na mkono mmoja umeshika mwavuli. Abiria wa daladala kashika bomba. Ajali ikitokea, mafuriko yakiingia Jangwani, anayetoa simu mfukoni anairekodi jinsi ilivyotoka, na tunayoyajua kuhusu mambo mengi ya nchi hii tumeyajua kupitia video za namna hiyo.

Haya, mpira. Nakubali. Mechi ya Simba na Yanga pale Uwanja wa Benjamin Mkapa usiirekodi wima. Uwanja wa mpira una urefu wa mita 105 hivi, na ukisimamisha simu utaona mpira na miguu ya mtu mmoja, hutamwona winga anayekimbia upande wa pili wala beki aliyeacha nafasi. Ngoma inayochezwa kwa safu nayo, watu ishirini bega kwa bega, ilaze. Bahari ilaze ukitaka. Sikatai mlalo hata kidogo. Ninachokataa ni amri.

Lakini walinzi wa sheria wangekuwa na hasira ya kweli kuhusu picha, wangeielekeza kwenye uharibifu unaofanyika mbele ya macho yao. Namaanisha hawa wanaochukua video za zamani zilizorekodiwa kwa mlalo, wanazikata pande zote mbili ili zijae kwenye simu, halafu wanazisambaza. Pigeni hesabu. Picha ya 16 kwa 9 ukiikata iwe 9 kwa 16 bila kupunguza kimo, inabaki sehemu 81 kati ya 256, yaani asilimia 32 hivi. Zaidi ya theluthi mbili ya kila kilichorekodiwa kimetupwa. Nimeona kipande cha taarabu ya zamani kilichofanyiwa hivyo. Kikundi kizima kilikuwa kimekaa kwa safu, lakini kwenye kipande kile amebaki mwimbaji na nusu ya mpiga fidla. Kanuni, kile chombo cha nyuzi, imekatwa katikati, unaona vidole vinadonoa nyuzi ambazo hazipo. Unafika wakati wa kutunza, na noti inatokea ubavuni ikiwa imeshikwa na mkono usio na mwenyewe. Yule bibi aliyeinuka kitini, akacheza taratibu hadi mbele, akamtunza mwimbaji kwa sababu ubeti ule ulimgusa, ametupwa nje ya fremu. Yule bibi ni sehemu ya taarabu. Bila yeye huo ni muziki tu. Wajukuu wake watakuja kuitazama video hiyo na hawatajua kwamba alikuwapo.

Ndugu zangu wenye kurasa za kumbukumbu, nawaombeni. Kilichorekodiwa kwa mlalo kiacheni kilale. Mtazamaji atageuza simu, haimgharimu kitu. Nanyi wa taarifa za habari, video ya wima ya mwananchi msiikate kichwa na miguu ijae kwenye televisheni, wala msiijaze pande mbili kwa picha yake hiyohiyo iliyofifishwa, inayocheza cheza na kutuvuta macho. Acheni pande ziwe nyeusi. Mtu anaeleza jinsi nyumba yake ilivyosombwa na maji, tumtazame yeye.

Mwaka 2014 huko Katoomba, Australia, walifanya tamasha la filamu za wima peke yake. Sisi tunalo tamasha la filamu la Zanzibar, tunayo Ngome Kongwe yenye kuta ndefu, na tunao vijana wa Tandika na Kongowea wanaotunga michezo ya kuigiza kwa simu zao kila siku, yenye watazamaji wengi kuliko filamu nyingi za ukumbini. Naomba usiku mmoja tu, pazia moja lililosimamishwa, jembamba na refu, na kazi zao zipite pale kwa ukubwa huo. Shughuli ikiitishwa, nauli ya boti ya shangazi kutoka Dar nitalipa mimi.