Mkono wa kurusha mpira na mlango wa Harvard

Mkimbiaji wa Kenya Henry Rono alipovunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, na mbio ndizo zilizomlipia masomo. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyoijua michezo ya vyuo vya Marekani: wewe kimbia, chuo kitalipa. Besiboli ya Ivy League, umoja wa vyuo vikuu vikongwe na vyenye sifa kubwa vya Marekani, Harvard kikiwemo, ina hesabu nyingine. Vyuo hivyo 8 havitoi hata senti ya ufadhili wa michezo. Msaada wa karo hutegemea kipato cha familia. Anachokuwa nacho kocha ni neno lake kwenye ofisi ya udahili.

Je, ni haki mkono wa kurusha mpira umfungulie kijana mlango huo, au nafasi hizo zifutwe? Neno la kocha lina uzito. Kesi ya udahili dhidi ya Harvard, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2023, ilianika mengi: wanamichezo walioombewa nafasi na makocha walikubaliwa kwa takriban asilimia 86, waombaji wengine kwa takriban asilimia 6.

Wanaoutetea utaratibu huu husema kocha hachukui mbumbumbu. Ni kweli kwa kiasi fulani. Ivy League hupima alama za wanamichezo wake zisiachane mno na za wanafunzi wenzao, na kocha anayepeleka jina la kijana mwenye alama mbovu hurudishiwa jina lake. Tena, mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, aliyeamka alfajiri miaka minane kwenda mazoezini ameonyesha jambo ambalo mtihani haulipimi.

Lakini miaka hiyo minane nani aliilipia? Besiboli huchezwa hata kwenye shule za umma, ila kocha wa chuo hazunguki sana huko kutafuta vipaji. Humwona kijana kwenye timu za kulipia zinazosafiri jimbo hadi jimbo, na kwenye kambi za kiangazi ambako mzazi hulipa ili mwanawe atazamwe. Utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake wa mwaka 2023 ulikuta kwamba katika upendeleo wanaoupata watoto wa asilimia 1 ya familia tajiri zaidi kwenye udahili wa vyuo vya juu kabisa, takriban robo hutokana na michezo. Halafu kuna kashfa ya 2019, ambapo wazazi waliwahonga makocha wawape watoto wao nafasi za michezo wasiyoicheza. Mlango wenye bawabu mmoja hauhitaji hongo nyingi.

Mimi ningeanza kufuta nafasi za mbio za mashua na skwoshi kabla sijaigusa besiboli, ambayo angalau huchezwa hata kwenye shule za umma. Na mzazi ambaye mwanawe tayari ana alama za kumfikisha karibu na mlango, simlaumu akimtumia kocha amsukume ndani. Mwenye kumtegemea kocha afanye kazi yote ndiye anayejidanganya.

Swali la kumuuliza kijana ni hili: kano ya kiwiko ikikatika mwaka wa kwanza, bado utakipenda chuo hiki? Warushaji wengi huishia mezani kwa daktari wa upasuaji. Hapo ndipo uchoyo wa Ivy League unapogeuka kinga: kwa kuwa hakulipiwa kwa ajili ya mpira, anaweza kuiacha timu kesho na akabaki darasani, msaada wake wa karo ukiwa vilevile.