Kwani Umekuja na Giza?

Ile chupa ilipasuka tukiwa tumeshaacha barabara kubwa. Dereva wa boda alidhani ni tairi. Alifunga breki, akashuka, akaanza kuizunguka pikipiki huku anapapasa magurudumu. Mimi nimekaa palepale, mgongo umelowa, suruali imelowa, na kitu cha vuguvugu kinateremka taratibu kufuata uti wa mgongo kuelekea mahali ambapo sitapataja. Ilikuwa lita moja na nusu ya maji, sukari na hamira.

"Braza, umebeba pombe?"

"Vifaa vya utafiti."

Akasogea, akanusa begi. "Hata mjomba wangu anafanya huo utafiti. Kila siku."

Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Ukweli ni kwamba wadudu wanaouma mifugo hufuata pumzi ya mnyama, yaani ile hewa ukaa anayoitoa, na hamira ikila sukari hutoa hewa hiyohiyo. Ni ng'ombe wa bei nafuu, tuseme. Msimamizi wangu alitaka niweke chupa moja mbali na mazizi ili tuone kama wadudu watadanganyika. Maelekezo yalisema mchanganyiko utengenezwe palepale pa kutegea, na kizibo kiwe na tundu. Mimi, kwa kupenda kuokoa muda, niliutengeneza gesti pale Mwanza mjini asubuhi na mapema, nikakaza kizibo kwa meno na vidole, nikapanda nao kivuko cha Kamanga. Jua likawaka na njia ikatikisa. Hamira haina kosa lolote katika jambo hili.

Basi nikaingia kwenye boma la wenyeji wangu, pembeni kabisa mwa ziwa upande wa Sengerema, saa nane mchana, nanuka kama mtu aliyelala harusini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu." Akanusa. Bibi alikuwa anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, juu ya jiwe, naye akanusa. Hakuna aliyesema neno. Bibi aliingia ndani, akatoka na jagi zima la maji, akanikabidhi bila kikombe. Niliyanywa yote. Ukishaanza kujitetea ndio harufu inazidi.

Babu alikitazama kile kifurushi changu cha mitego, akatazama ziwa, akaniuliza kwa upole, "Sasa mjukuu, mbona umekuja na giza?"

Nikaangalia saa. "Hapana babu, nimefika saa nane hii, jua la utosi."

Babu akamtazama bibi. Bibi akainamia michembe yake, mabega yakaanza kutikisika. Nikajua wanacheka ulevi wangu. Nikavumilia.

Mambo yalilegea nilipoulizwa kabila. Nilipotaja Mzaramo tu, heshima ya ugeni iliishia hapo, maana kabila lao na letu hutaniana tangu zamani. "Kumbe ni mtani!" babu akapiga paja. "Bibi, njoo umwone mtani! Huko pwani wamemaliza kula ndege wote, sasa wanakuja kuwinda usubi kwetu."

Na kweli nilikuwa nimefuata usubi. Mdudu mwenyewe ana urefu wa milimita moja hadi tatu, ukimwona kwenye mkono unadhani ni pilipili manga iliyosagwa. Jike ndiye anayenyonya damu, hasa jua likizama na kabla halijachomoza, na mabuu wake hukua kwenye tope lenye samadi, yaani palepale ng'ombe wanaponywea maji. Ndiye anayesambaza ugonjwa wa ulimi wa bluu. Kondoo huumia zaidi: homa, midomo na ulimi kuvimba, wengine ulimi unageuka rangi kweli. Ng'ombe mara nyingi hubeba kirusi kimyakimya, haonyeshi chochote, huku usubi anachukua kwake na kupeleka kwa kondoo wa jirani. Mnyama kwa mnyama hawaambukizani kwa kukaa pamoja tu. Kwa kawaida lazima mdudu apite katikati.

Nilimweleza babu haya yote kwa mbwembwe. Nikamwambia mwaka 2006 ugonjwa huo uliibuka Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani, mahali ambapo watu walidhani baridi inawalinda, na usubi anaweza kupeperushwa na upepo akavuka bahari.

Babu akafikiri. "Kwa hiyo kondoo wa Ulaya wakiumwa, ndio mnakumbuka kuja kuwachungulia wa kwangu?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Nikahamia kwenye Homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu, nikidhani huko nitapumua. Huko nako alinitangulia. Alikumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998, akakumbuka na mwaka 2007, watu walipoikimbia nyama mabuchani. "Mwaka ule sisi tulikula samaki," akasema, "kama mwaka mwingine wowote."

Jioni nikatega. Mtego wenyewe si mambo makubwa: taa ya urujuanimno, chini yake feni ndogo inayovuta hewa, na chini ya feni kopo la maji yenye matone machache ya sabuni ili mdudu akitua azame, asielee. Unaendeshwa na betri ya volti 12. Mmoja niliuning'iniza kwenye zizi la ng'ombe, wa pili kwa mbuzi na kondoo. Mtego huo huja na wavu mwembamba wa kuuzungushia, matundu yake yanapitisha usubi na kuzuia wadudu wakubwa. Wavu wangu ulikuwa mjini. Nilikuwa nimeuanika dirishani gesti.

Saa moja na nusu taa zikawaka zambarau. Watoto walikuja kutazama, mmoja akauliza muziki unaanza saa ngapi. Nikajisikia mtu wa maana.

Saa mbili na kitu nikasikia mlio. Sijui niufananishe na nini. Mvua inayokuja kwenye mabati ya nyumba ya mbali. Ulitokea upande wa ziwani. Nikamulika tochi, nikaona moshi unatembea. Moshi ule ukafika kwenye zizi, na haukuwa moshi.

Kama hujawahi kukutana na wale wadudu wa ziwani, acha nikueleze kidogo. Mabuu yao huishi kwenye tope la chini ya ziwa, kisha huibuka kwa pamoja kwa mamilioni, na mwibuko wao mkubwa huwa wakati mwezi umefichika. Hawaumi. Hawana haja na damu yako. Wanataka taa tu, na usiku ule taa ilikuwa yangu.

Waliingia masikioni. Nikafumba mdomo nipumulie pua, wakaingia puani. Nikafungua mdomo nipige chafya, wakaingia wengine kuchukua nafasi. Feni ilibadilisha sauti, ikaanza kukohoa kama mzee wa sigara. Kopo lilijaa, maji yakamwagika, ndani ukabaki uji mzito wa kijani wenye mbawa. Usubi wangu wa milimita mbili, kama walikuwemo, walikuwa chini ya huo uji wakijuta.

Hapo ndipo nikainua kichwa, nikakitazama kijiji. Kila nyumba ilikuwa imezima taa. Kila moja. Kuliko na mwanga ni kule ziwani tu, taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga hata ungedhani kuna mji mwingine juu ya maji. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku usio na mwezi, maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa. Siku hizo wao wanaziita giza.

Sauti ya babu ikatoka mlangoni, polepole, mlango umefunguliwa upana wa pua. "Mtani. Umeliona giza sasa?"

Nilikaa pale hadi saa saba usiku nikisafisha feni kwa mswaki. Ndiyo, wangu. Wakati nasafisha nilikuwa nalalamika kwa sauti, na bibi alikuwa macho. Nakumbuka vizuri nilichosema, kwa sababu kilikuja kutumika dhidi yangu: "Wadudu hawa hawana kazi yoyote, wa kutupa tu." Kisha nikawasha tena, nikaenda kulala nikijiambia nitaamka saa kumi na moja nichambue kilichopatikana.

Nikaamka saa mbili.

Nje nikamkuta bibi ameshika chujio la chai kwa mkono mmoja na kopo langu kwa mkono mwingine. Kopo lilikuwa tupu, limesuguliwa, linang'aa. Mbele yake kuku walikuwa wameinamisha vichwa wote kwa pamoja, hakuna anayegombana na mwenzake, kama watu kwenye pilau.

"Bibi," nikasema. "Bibi, sampuli."

"Nimewasuuza mara mbili, usiwe na wasiwasi. Sabuni imetoka yote."

"Bibi, nilikuwa nawahitaji!"

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Si jana usiku ulisema hawana kazi? Mimi nikaona ni dhambi kutupa."

Nikakimbilia mtego wa pili, kwa kondoo. Huko kulikuwa na usubi tisa. Tisa, nimewahesabu kwa ncha ya kibiriti. Taa ilikuwa imezimika mapema usiku, kabla hata wale wa ziwani hawajakolea. Betri ilikuwa na waya ambao sikuuweka mimi, na mwisho wa waya kulikuwa na simu tatu za vijana wa jirani, zote asilimia mia moja. Walikuwa wameomba ruhusa. Kwa babu.

Simu ya msimamizi iliingia nikiwa bado nimechuchumaa.

"Vipi, usiku wa kwanza umepata wangapi?"

"Wengi, daktari. Wengi sana."

"Safi. Wako kwenye nini?"

Nikatazama uwanjani. "Kwenye kuku."

"Kwenye kopo?"

"Kuku, daktari."

Kimya. "Kuku ina lebo?"

"Haina lebo. Ina manyoya."

Nilisikia akivuta pumzi, halafu akauliza swali ambalo lingeniokoa kama ningeulizwa siku mbili kabla: "Hebu niambie, uliangalia mwezi kabla ya kuondoka?" Sikujibu. "Kaa hukohuko mpaka mwezi utoke," akasema, akakata.

Nikakaa siku tisa. Bibi alinipa chandarua chake kilichochanika, nikakata kipande chenye matundu ya kufaa, nikauvalisha mtego. Kwa malipo tukakubaliana kwamba saa ya kwanza ya usiku taa ni ya kuku, bila wavu, kopo la kwake. Kuanzia saa mbili na nusu ni ya serikali ya wadudu, kopo langu. Babu aliyaita makubaliano hayo mkataba wa Wazaramo, kwa maana kwamba upande mmoja haukupata kitu. Siku za mwisho mwezi ulipokua, wale wa ziwani wakapungua, na nikaanza kupata usubi wa kutosha wenye yale mabaka yao kwenye mbawa, ambayo ndiyo tunayotumia kutambua aina chini ya hadubini. Ile chupa ya hamira niliitengeneza upya, kizibo kina tundu. Haikukamata chochote isipokuwa mbuzi mmoja aliyeinywa, na yeye hakudhurika, alilala tu mapema.

Siku ya kuondoka nikafungiwa trei ya mayai. Daktari alilipokea ofisini, akaliweka mezani karibu na chupa zangu za spiriti, akalitazama muda mrefu.

"Haya ni ya usiku upi?" akauliza.

Tangu hapo bibi hunipigia karibu kila mwezi. Salamu hana. Napokea tu, nasikia kuku nyuma yake, kisha sauti yake: "Mtani, giza limeingia. Taa iko wapi?"