Chaguo za soketi: kipi tuamue wenyewe, kipi tuiachie kerneli

Soketi ya TCP, yaani ncha ya muunganisho wa mtandao ambapo programu huandika na kusoma data, huzaliwa na mipangilio ambayo programu nyingi haziigusi kamwe. Wapo wahandisi wanaosema ndivyo inavyofaa, kwa kuwa kerneli, kiini cha mfumo endeshi, inaujua mtandao kuliko programu. Wengine hawafungui muunganisho bila kuita setsockopt, mwito wa kubadilisha mipangilio hiyo, mara tano au sita. Kila upande una hoja nzito, ila naona wanabishania mambo mawili tofauti kana kwamba ni moja: yale ambayo programu pekee inayajua, na yale ambayo kerneli huyapima vizuri zaidi.

Tuanze na TCP_NODELAY, chaguo la kutuma data bila kuzishikilia kwanza, ambapo ubishi ni mkali zaidi. Mwaka 1984, katika RFC 896, mojawapo ya nyaraka za kiufundi za intaneti, John Nagle alipendekeza data ndogo zishikiliwe kwanza hadi zilizotangulia zithibitishwe kupokewa. Tatizo alilolitibu lilikuwa la kweli: herufi moja ya kibodi ilisafiri katika pakiti ya baiti 41, na 40 kati ya hizo ni vichwa vya itifaki. Lakini mpokeaji naye ana desturi yake: huchelewesha uthibitisho akitarajia kuutuma pamoja na jibu. Programu ikiandika kichwa cha ombi, kisha mwili wake kwa mwito mwingine, mtumaji hungoja uthibitisho na mpokeaji hungoja data. Kwenye Linux kungojana huko mara nyingi huchukua milisekunde 40. Anayepakua faili kubwa hatalisikia hilo. Huduma inayotuma maombi 20 mfululizo inaweza kupoteza milisekunde 800 bila kazi yoyote kufanyika.

Watetezi wa mipangilio ya msingi hujibu kwamba kosa ni la programu. Ingetuma kichwa na mwili kwa mwito mmoja, kungojana kusingekuwepo. Ni kweli, na programu inayoandika vipande vidogo ikizima kanuni ya Nagle kwa TCP_NODELAY huujaza mtandao pakiti nyepesi. Hata hivyo, kerneli haina namna ya kujua kama baiti ulizoiandikia ndizo mwisho wa ujumbe au ndio kwanza unaanza. Aliyeandika programu anajua. Kwa hiyo nakubaliana na lugha ya Go, ambayo huizima kanuni hiyo tangu muunganisho unapofunguliwa, na curl, zana ya kuhamishia data, iliyochukua njia hiyohiyo mwaka 2016.

SO_KEEPALIVE nayo ni ya kundi hili. Ukiiwasha kwenye Linux ukaishia hapo, pakiti ya kwanza ya kuuliza kama mwenzako yupo hutumwa baada ya saa 2 za ukimya. Vifaa vingi vya NAT, vinavyotafsiri anwani kati ya mtandao wa ndani na intaneti, huwa vimeshausahau muunganisho zamani. Muda unaofaa unategemea kazi ya programu, hivyo ni lazima uuweke mwenyewe. Tena, pakiti hiyo hujibiwa na kerneli ya upande wa pili hata kama programu yake imeganda.

Kwenye ukubwa wa bafa, kumbukumbu ya data zinazosubiri kutumwa au kusomwa, nahamia upande wa pili kabisa. Njia ya megabiti 100 kwa sekunde yenye mzunguko wa kwenda na kurudi wa milisekunde 200 inahitaji takriban megabaiti 2.5 ziwe safarini kwa wakati mmoja. Linux hupima na kuikuza bafa ya kupokea yenyewe. Ukiweka SO_RCVBUF, yaani ukubwa wa bafa hiyo, kwa mkono, unausimamisha ukuzaji huo. Aliyeganda kwenye dirisha (kiasi cha data kinachoruhusiwa safarini) la kilobaiti 64, kwa sababu tu namba hiyo aliikuta kwenye msimbo wa zamani, hapati hata megabiti 3 kwa sekunde kwenye njia hiyo, na hakuna ujumbe wa kosa utakaomwonya. Hili hunisikitisha, maana watumiaji walio mbali na seva ndio huumia zaidi. Udhuru ninaoukubali ni wa seva yenye miunganisho mingi mno kwa kumbukumbu iliyonayo: mwenye seva anaijua bajeti yake, na ana haki ya kuweka kikomo.

SO_LINGER, chaguo la muda wa kungoja data zimalizike kutumwa soketi inapofungwa, ikiwa na muda wa sifuri siitetei kwa urahisi. Watu huitumia kuikwepa hali ya TIME_WAIT, ambapo muunganisho uliofungwa hubaki ukingoja kwa muda, lakini muunganisho hukatwa kwa RST, pakiti ya kuuvunja ghafla, na data ambazo hazijatumwa hutupwa. Anayetaka seva iwake upya bila kungoja sekunde 60 za TIME_WAIT kwenye Linux hutoshelezwa na SO_REUSEADDR, chaguo la kutumia tena anwani, ikiwekwa kabla ya bind, mwito wa kuipa soketi anwani yake.